Hiram Leonard, Fundi wa Bunduki Aliyesifika kwa Mwanzi

Askari aliyekabidhiwa bunduki kuukuu kutoka ghala la silaha haanzi kwa kuipaka mafuta. Kwanza huigeuza huku na huku, akaisoma namba yake na chapa ya kiwanda, akachunguza sehemu zipi ni za asili na zipi zilibadilishwa na mafundi wa baadaye. Asiyejua hayo hawezi kuitengeneza, aweza tu kuiharibu. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani ukaguzi wa namna hiyo hufanyiwa pia chombo ambacho hakikupata kumdhuru mtu: ufito wa kuvulia samaki uliotengenezwa kwa mwanzi, ambao mzee amefariki na kuuacha ndani ya bomba lake darini. Warithi wanapoutoa na kuufuta vumbi, jina wanalotamani kuliona kuliko mengi mengine ni la Hiram Lewis Leonard. Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu huyo, kwa kuwa karibu kila hatua ya maisha yake ameiacha imeandikwa katika fito zake, na ajuaye hatua hizo ndiye awezaye kuzitambua.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe, maana wengi wetu tumezoea nyavu, madema na mshipi wa mkononi. Katika mito ya baridi yenye maji ya kasi huishi samaki aitwaye trauti, ambaye chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini na wale waangukao juu ya maji. Mvuvi huifunga ndoana yake manyoya na nyuzi hata ifanane na mdudu. Chambo hicho hakina uzito wowote, kwa hiyo hakiwezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na urushao mshipi ni ufito, ambao hupinda nyuma kisha mbele mfano wa mjeledi. Ufito mgumu mno haurushi, na uliolegea mno huuangusha mshipi miguuni pa mwenyewe. Kazi yote basi imo katika ule unyumbufu.

Hiram Leonard alizaliwa mwaka 1831 huko Sebec, katika jimbo la Maine, nchi ya misitu minene, maziwa na baridi kali. Alipokuwa mtu mzima aliishi katika mji wa Bangor, ambako alifanya kazi ya ufundi wa bunduki, na mara nyingi aliingia msituni kuwinda kwa majuma mengi mfululizo. Alikuwa mtu mpole wa sura na wa maneno machache, tena mpenzi wa muziki aliyepiga filimbi. Yasemekana kwamba katika miaka ya baadaye aliamini kuwa mtu asiye na sikio la muziki hawezi kuunda ufito ulio sawasawa. Hatuwezi kusema kama kweli aliwapima hivyo wafanyakazi wake, lakini masimulizi hayo yamedumu miongoni mwa mafundi hadi leo.

Habari moja ya ujana wake yastahili kukaliwa kidogo, hasa mbele ya wasomaji wetu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1857, gari la abiria la kukokotwa na farasi lilinaswa na maji ya mto Piscataquis yaliyokuwa yamefurika barabarani, karibu na Foxcroft. Maji yalikuwa ya baridi ya kugandisha damu. Ndani ya gari mlikuwa na dereva na abiria, na miongoni mwao wawili tu walijua kuogelea. Mmoja alipofika nchi kavu aliikimbilia nyumba iliyokuwa jirani ili asife kwa baridi. Wa pili alikuwa Leonard. Yeye naye aliogelea hadi ukingoni, lakini hakwenda kuota moto. Akiwa amelowa chapachapa alikusanya magogo, akaunda chelezo, akarudi nacho majini na kumwokoa dereva pamoja na abiria wawili. Farasi walikufa maji. Tangu siku hiyo wenye magari ya njia ile hawakumtoza nauli.

Tunaijua habari hii kwa sababu mwezi Julai wa mwaka huohuo mwandishi mashuhuri Henry David Thoreau alisafiri kwa gari la njia hiyohiyo, mvua ikinyesha, akielekea ziwa Moosehead, akaketi pamoja na mwindaji mmoja mtulivu ambaye kwa sura alidhaniwa mwanafunzi wa dini. Thoreau alishangaa kusikia kwamba yule ndiye aliyehesabiwa kuwa mkuu wa wawindaji Wazungu wa Maine, na kwamba bunduki aliziunda kwa mikono yake mwenyewe. Maelezo hayo yalitokea katika kitabu chake juu ya misitu ya Maine, kilichochapishwa mwaka 1864, miaka miwili baada ya kifo cha mwandishi. Wakati wa safari ile Leonard alikuwa na umri wa miaka 26, na hakuna aliyemjua kwa fito za kuvulia.

Kazi hiyo ilimjia akikaribia miaka 40. Yasimuliwa kwamba alijitengenezea ufito wa mbao kwa matumizi yake, na rafiki mmoja alipouona alimshauri aupeleke kwa wenye duka la Bradford & Anthony katika mji wa Boston. Wenye duka waliupenda ustadi wake, lakini wakamwuliza kama aweza kutengeneza ufito wa mwanzi uliopasuliwa, kwa kuwa ndio uliokuwa umeanza kutafutwa na wateja. Alijibu kuwa aweza. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1870 karakana yake ya Bangor ikaacha mitutu ya bunduki na kushika mwanzi.

Hapa lazima tumtendee haki marehemu mwingine. Leonard hakuwa mtu wa kwanza kufikiria kupasua mwanzi na kuugandisha upya. Katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania, mzee Samuel Phillippe alikwisha kufanya hivyo miaka ya 1840, na huyo pia alikuwa fundi wa bunduki, tena mtengenezaji wa fidla. Huko Uingereza, katika mji wa Alnwick, nyumba ya Hardy ambayo baadaye ilisifika duniani kote kwa vyombo vya uvuvi ilianzishwa mwaka 1872 kama duka la ufundi wa bunduki. Sisi hatuoni kuwa jambo hilo limetokea kwa nasibu. Mtu aliyezoea kuchonga kitako cha bunduki kikae barabara juu ya chuma, na kupima tundu la mtutu kwa unywele, ana jicho na mkono ambao mvuvi wa kawaida hana.

Na kazi yenyewe yadai jicho hilo. Mwanzi ni mtupu katikati, na nguvu zake zimo katika nyuzi zilizosongamana chini ya ganda la nje, si ndani. Fundi huupasua kwa urefu, akatengeneza papi ndefu nyembamba, kila upapi ukiwa na pande tatu zilizo sawa, ganda la nje likiwa upande mmojawapo. Papi sita za namna hiyo zikikutanishwa pamoja na kutiwa gundi, hufanya ufito wenye pande sita, usio na tundu ndani, na ganda lote limekaa nje. Kila upapi wapaswa kupungua unene kidogo kidogo tangu mpinini hadi nchani, na kipimo cha kupungua kwake huhesabiwa kwa sehemu za elfu moja za inchi. Ukikosea katika upapi mmoja, sita zote hazitashikana. Leonard hakuridhika mpaka papi zilipokutana pasionekane mstari wa gundi.

Baadaye alikishughulikia kile ambacho kilikuwa udhaifu wa fito zote za wakati wake, yaani maungio. Ufito mrefu huundwa kwa vipande viwili, vitatu au zaidi, vinavyochomekwa kwa viungo vya madini, na maji yalizoea kupenya ndani ya viungo hivyo yakaozesha mwanzi. Tarehe 26 Oktoba 1875 Leonard alipewa hataza ya serikali kwa kiungo kisichopitisha maji. Tarehe 3 Septemba 1878 akapewa nyingine, kwa kiungo ambacho mdomo wake umepasuliwa mbale ndogo ndogo ili madini yapinde pamoja na mwanzi badala ya kuukata pale yanapokoma. Tarehe hizo mbili tunamwomba msomaji azikumbuke, kwa sababu tutazirudia.

Wateja walipoongezeka, kuchonga papi kwa randa ya mkono kukawa kunachelewesha. Katikati ya miaka ya 1870 ikaundwa mashine ya kukata papi kwa pembe na kwa kipimo, na hiyo ndiyo iliyokuwa siri kubwa ya maisha yake. Iliwekwa ndani ya chumba chenye kufuli, nao walioruhusiwa kuingia walihesabika. Sisi tuliolelewa katika chuo cha kadeti hatuwezi kumlaumu mtu kwa kulinda siri. Hata hivyo mashine haijiendeshi yenyewe, na siri inayoshikwa kila siku na mikono ya vijana wa kazi ni siri yenye miguu.

Jambo jingine lilikuwa fedha. Fundi alijua mwanzi kuliko alivyojua hesabu za biashara, na kabla miaka ya 1870 haijaisha sehemu ya karakana ilikuwa imeingia mikononi mwa wengine, na mwishowe katika mikono ya nyumba ya biashara ya William Mills & Son ya New York. Mwaka 1881 karakana nzima ilihamishwa kutoka Bangor hadi kijiji cha Central Valley, katika jimbo la New York, mahali palipo karibu zaidi na soko na wenye mtaji. Leonard alihama pamoja na mashine yake na mafundi wake. Huko alitengeneza fito fupi na nyepesi kuliko zile ndefu za mwanzo, na mtoto wa ndugu yake, Reuben Leonard, alizionyesha nguvu zake kwa kushindana kurusha mshipi mbele ya watu.

Karakana ile ya Central Valley ilikuwa kama chuo. Humo walipita Fred Thomas, Eustis Edwards, Edward Payne na ndugu wawili wa ukoo wa Hawes, jamaa zake Leonard. Mnamo mwisho wa miaka ya 1880 na mwanzo wa miaka ya 1890 walianza kutoka, na kilichotoka pamoja nao ni maarifa ya chumba kile cha kufuli. Thomas, Edwards na Payne walishirikiana kuunda fito zilizoitwa Kosmic, kisha kila mmoja akashika njia yake. Thomas alirudi Maine na kufungua karakana yake, Payne akabaki jirani huko Highland Mills, na mwanawe akaja kuwa fundi mashuhuri katika karne ya 20. Hiram Hawes, aliyemwoa binti wa Leonard, naye baadaye aliunda fito kwa jina lake mwenyewe. Kwa mzee aliyejitahidi kufunga mlango, bila shaka lilikuwa pigo. Lakini leo hii mtu akiulizwa ni nani aliyeianzisha kazi hiyo nchini Marekani kama kazi ya kudumu, hutaja jina la Leonard kwa sababu ya wale walioondoka kwake.

Leonard alifariki mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 76. Jina lake halikufa naye, na hapo ndipo warithi wengi hudanganyika. Karakana iliendelea kupiga chapa ya Leonard juu ya fito zake kwa miaka mingi baada ya mazishi. Iliteketea kwa moto mwaka 1964, ikainuka tena, na hatimaye ikafunga milango yake katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo ufito wenye jina la Leonard waweza kuwa wa mkono wake huko Bangor, au wa mafundi aliowasimamia Central Valley, au wa watu waliozaliwa baada ya yeye kuzikwa. Tena kikalio cha kigurudumu cha mshipi, ambako chapa hupigwa, huweza kung'olewa katika ufito mmoja na kutiwa katika mwingine. Aliyesoma chapa peke yake amesoma sare bila kuitazama sura ya aliyeivaa.

Basi hutazamwaje? Kwanza viungo. Zikionekana tarehe zile mbili za hataza zimepigwa kwenye madini, ufito haukuundwa kabla ya mwaka 1878. Ikiwapo tarehe ya 1875 pekee, kuna sababu ya kuamini kuwa umetoka Bangor. Jina la Mills likiwa pamoja na la Leonard, ni wa zama za ubia ule. Pili ni mwanzi wenyewe. Fito za zamani zilitumia mwanzi uliotoka India kwa njia ya bandari ya Kalkuta, ambao mara nyingi una madoa meusi ya kuunguzwa kwa moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi walihamia mwanzi wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, uitwao na wafanyabiashara mwanzi wa Tonkin, ulio mnyofu, mgumu na safi zaidi. Huo ndio uliotumika mpaka Marekani ilipozuia bidhaa za China wakati wa vita vya Korea, mwaka 1950, na wakati huohuo fito za nyuzi za kioo zikawa zimeanza kuingia sokoni. Tatu ni hariri. Gundi ya zamani ilikuwa ya ngozi za wanyama, haivumilii unyevu, kwa hiyo mafundi wa kwanza waliufunga ufito kwa nyuzi za hariri karibu karibu tangu chini hadi juu. Mapete yaliyolegea ya kupitishia mshipi nayo ni dalili ya umri. Yale yaliyopindwa kama nyoka yalikuja baadaye.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki fito za namna hii ziliwahi kufika, ingawa nyingi zilikuwa kazi ya Uingereza. Trauti si samaki wa asili wa nchi zetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta kutoka Uskochi na kuwaweka katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na kutoka hapo na kwa kupandikizwa tena walienea katika mito mingine ya milimani. Maofisa wa kikoloni waliwafuata na fito zao. Mtu akiukuta mmoja umesahauliwa, asiufanye kijiti cha kuchomea nyama.

Lililobaki ni matengenezo, na hapa ndipo fito nyingi zilizosalimika miaka 100 huuawa kwa mchana mmoja. Mrithi mwenye nia njema huchukua msasa na kuung'arisha ufito hata ung'ae kama mpya. Tumekwisha sema kwamba nguvu za mwanzi zimo chini ya ganda la nje. Kila asugulipo, anaziondoa nyuzi zilezile ambazo Leonard alizipima kwa sehemu za elfu moja za inchi, na hakuna fundi duniani awezaye kuzirudisha. Vanishi ya zamani iliyochakaa huondolewa taratibu, kwa kitu kisichouma mwanzi, au huachwa. Ufito uliopinda mwingine hunyoshwa kwa joto la taa, lakini wenye gundi ya ngozi ukipashwa moto papi zake zitaachana, kwa hiyo fundi mwangalifu huukubali na pindo lake.

Viungo vilivyonata havizungushwi kamwe, kwa kuwa mwanzi hupasuka ndani ya madini bila kuonekana. Watu wawili hushika kila mmoja pande zote mbili za kiungo, wakavuta kwa kunyosha. Vipande vyote hupimwa urefu, maana kwa kawaida hulingana, na ncha iliyo fupi kuliko nyingine ni ncha iliyovunjika zamani na kurekebishwa. Hiyo nayo haitupwi. Kabla ya kukata uzi hata mmoja wa hariri, rangi yake na idadi ya mizunguko yake huandikwa, na kipande cha uzi wa zamani huhifadhiwa ndani ya bahasha, ili uzi mpya ufuate ule wa kwanza. Vanishi mpya hupakwa nyembamba, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikingojewa ikauke kabisa. Kazi ikikamilika, ufito hutiwa katika mfuko wake wa kitambaa na kuning'inizwa wima mahali pakavu, na haurudishwi ndani ya bomba ungali na unyevu.